Alama mpya ya sarafu: msimbo kwanza, au tangazo kwanza?

MTOA MADA

Wadau, naleta mada ambayo kwa juu juu inaonekana ya mafundi peke yao, lakini inamgusa kila anayeandika bei, mshahara au deni. Nchi ikijichagulia alama mpya ya sarafu yake, nani aanze? Serikali iitangaze kwanza, au wenye viwango vya kimataifa waipe kwanza namba yake ya kwenye kompyuta, yaani msimbo? Nchi nyingi zimeanza na tangazo. Mimi nasema hilo ni kosa, na wanaolipa gharama yake ni wananchi.

Kwa ambaye hajawahi kulifuatilia suala hili: kompyuta haihifadhi umbo la herufi, inahifadhi namba. Kila herufi unayoisoma hapa ina namba yake katika orodha moja kubwa iitwayo Unicode, inayokwenda sambamba na kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 10646. Dola ni 0024, pauni ni 00A3, yuro ni 20AC. (Namba hizi huandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, ndiyo maana zimechanganyika na herufi.) Ukibonyeza kitufe, kinachohifadhiwa na kusafirishwa ni namba hiyo tu. Umbo linachorwa upya na fonti (faili la michoro ya herufi) iliyoko kwa msomaji. Basi alama isiyo na namba unaweza kuichora ukutani, kuichapa kwenye noti, hata kuibandika kama picha, ila huwezi kuiandika. Huwezi kuitafuta ndani ya waraka wala kuituma kwa meseji.

Sasa tazameni yaliyotokea India. Tarehe 15 Julai 2010 baraza la mawaziri lilipitisha alama ya rupia, ₹, iliyobuniwa na Udaya Kumar. Watu waliipokea kwa shangwe na wakataka kuanza kuitumia papo hapo, lakini namba haikuwepo. Zikasambaa fonti ambazo alama ya rupia ilikuwa imevalishwa namba ya alama nyingine kabisa, kile kimkwaju kidogo ` kilichoko kwenye kona ya juu kushoto ya kibodi. Ukiwa na fonti hiyo, unaona ₹. Mtumie mwenzako asiye nayo, anaona `. Hebu fikiria mkataba au ankara: kwako kuna alama ya pesa, kwa mwenzako kuna kitu kama uchafu wa skrini, na faili ni lile lile. Halafu anayeandika programu za kompyuta anakihitaji kimkwaju hicho kwa kazi yake, anakuta amegeuziwa kuwa pesa.

Unicode 6.0 ilitoka tarehe 11 Oktoba 2010 ikiwa na rupia ya India kwenye namba 20B9. Ni siku 88 tu. Sijui kama kuna chombo kingine cha kimataifa kinachoweza kufanya jambo la kudumu kwa kasi hiyo, na nawapongeza kwa moyo mweupe. Lakini siku 88 zilitosha kuzaa nyaraka mbovu, na nyaraka zile hazikujirekebisha zenyewe namba halisi ilipofika. Aliyeandika kwa ile fonti ya kugeuza alibaki na ` zake ndani ya faili.

Uturuki nayo ilitangaza alama ya lira tarehe 1 Machi 2012. Mwezi Septemba mwaka huo likatolewa toleo la Unicode 6.2, ambalo herufi mpya ndani yake ilikuwa moja tu, hiyo lira, 20BA. Toleo zima kwa ajili ya alama moja! Georgia ilionyesha alama ya lari Julai 2014, namba ikaingia Juni 2015. Saudi Arabia ilizindua ya kwake Februari 2025, namba 20C1 ikatoka Septemba. Kote huko mpangilio ni ule ule: sherehe kwanza, halafu watu wa viwango wanakimbizana na wakati.

Msimamo wangu ni huu: benki kuu ipeleke ombi la msimbo kabla ya kuzindua, na tarehe ya kuanza kuitumia alama katika nyaraka rasmi isitajwe mpaka namba iwe imetoka. Karibuni tujadili.

MCHORA FONTI

Mkuu, nakubaliana nawe nusu. Kazi yangu ni kuchora fonti, na nikwambie tu kwamba siku namba inapotoka, kwenye simu ya mtu hakuna kilichobadilika. Namba ni kiti kitupu. Lazima sisi tumchore wa kukikalia, watengenezaji wa mifumo waisambaze fonti hiyo, na mwenye simu akubali sasisho. Simu ya zamani isiyopata masasisho tena itaonyesha kiboksi kitupu hadi siku itakapokufa. Kwa hiyo usiwaambie watu kwamba namba ikitoka mambo yamekwisha.

Wengi wanadhani kuchora alama moja ni kazi ya asubuhi moja. Chukua fonti yenye unene wa aina 8, kila aina na mlalo wake (umbo lake lililoinama): tayari michoro 16 kwa alama moja. Upana wake lazima ulingane na tarakimu, la sivyo safu za jedwali zinapinda. Halafu njoo kwenye umbo lenyewe. ₹ ina mistari miwili ya kukata juu. Kwenye bango inapendeza sana. Ipunguze hadi saizi ya maandishi ya risiti, na ule uwazi kati ya mistari miwili unakuwa mdogo kuliko nukta moja ya skrini. Mistari inaungana, unabaki na doa. Mchoraji inabidi aiibie nafasi: apandishe mstari wa juu kidogo, ashushe wa chini, apunguze tumbo la herufi. Yote hayo bila kuifanya isitambulike. Som ya Kirigizi, 20C0, ni herufi С iliyopigwa mstari chini. Iweke ndani ya kiungo cha mtandaoni, ambacho chenyewe hupigwa mstari chini, alama imeshamezwa.

Ninachotaka kusema ni kwamba serikali hutuletea picha. Picha moja, kubwa, ya rangi, yenye kivuli. Hawasemi unene upi unaruhusiwa kubadilika, mstari upi ni wa lazima, alama ikae kabla ya tarakimu au baada yake, kuwe na nafasi katikati au kusiwe. Ningepewa nafasi ya kuongeza sharti moja kwenye msimamo wako, ningesema: kabla ya uzinduzi alama ichorwe na watu watatu wasiojuana, kwa saizi ndogo, nyeusi tupu, tuone kama bado ni yenyewe.

Ila kwenye lile la kuvalisha alama namba ya mwenzake, niko nawe mia kwa mia. Japani walishapita huko kitambo. Kwenye kiwango chao cha zamani, JIS X 0201, waliiweka yeni mahali pa ule mkwaju wa kinyume, \, kwenye namba 5C. Miongo imepita. Mpaka leo, ukifungua kompyuta ya Windows ya Kijapani, njia ya kuelekea kwenye faili inaweza kuandikwa na alama ya yeni katikati ya majina ya mafolda, mahali ambapo wengine wanaona mkwaju. Na huwezi kuja kulisafisha hilo sasa, kwa sababu ukikuta 5C ndani ya faili la zamani huna njia ya kujua kwa hakika kama mwandishi alimaanisha pesa au folda. Aliyeamua hivyo hakuwa mjinga; nafasi zilikuwa chache. Lakini sisi leo hatuna kisingizio hicho.

MHASIBU

Naomba kutofautiana na wote wawili. Hiyo alama yenyewe ya nini? Dunia ya pesa ina misimbo ya herufi tatu ya ISO 4217: INR, TRY, GEL, SAR. Inaandikika kwa kibodi yoyote, kwa fonti yoyote, kwenye simu ya kitochi na kwenye seva ya benki. Haichanganyi dola ya nchi moja na ya nyingine, jambo ambalo $ inalifanya kila siku. Hata ¥ inatumika kwa yeni na kwa yuani.

Niwape kilichonipata mwenyewe. Niliwahi kupokea orodha ya malipo kutoka kwa kampuni moja tuliyofanya nayo kazi. Kila mahali palipotakiwa kuwa na alama ya yuro, palikuwa na vitu vitatu vimefuatana: â‚¬. Mistari zaidi ya mia mbili. Programu yetu ya hesabu ikakataa kuzitambua kama fedha, ikazichukua kama maneno, na jumla ya safu ikatoka sifuri. Ilikuwa siku ya kufunga mwezi. Nilikaa mpaka usiku nikifuta kimoja kimoja, na nikifuta vibaya napoteza tarakimu ya kwanza. Hiyo ni yuro, wadau! Sarafu iliyoonyeshwa alama yake Desemba 1996, ikapata namba 1998, na noti zake zikaanza kushikwa mikononi Januari 2002. Hao walikuwa na muda wote mnaousema, na bado mimi nilikesha. Wangeandika EUR ningelala mapema.

MWANDISHI WA PROGRAMU

Dada mhasibu, pole sana, na naomba nikueleze kilichotokea, maana kinahusu mada moja kwa moja. Yuro ndani ya Unicode ni namba moja, 20AC. Inaposafirishwa kwa UTF-8, yaani namna ya kuziandika namba za Unicode ndani ya faili, namba hiyo inakatwa vipande vitatu, baiti tatu: E2, 82, AC. Programu yako ilifungua faili ikidhani ni la mfumo wa zamani, Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi kamili inayojitegemea. E2 ni â, 82 ni ‚ na AC ni ¬. Ndivyo ulivyopata vitu vitatu badala ya kimoja. Na mifumo ya zamani yenyewe haikuelewana: Windows-1252 iliiweka yuro kwenye 80, ISO 8859-15 ikaiweka kwenye A4, mahali palipokuwa na ile alama ya jumla ya sarafu, ¤. Sarafu moja, namba tatu tofauti. Kwa hiyo kilichokufanya ukeshe ni kwamba alama ilipewa misimbo mingi mno. Ucheleweshaji haukuhusika.

Hapo ndipo nami ninapotofautiana na mtoa mada, kwa upande mwingine. Naona hata kasi iliyopo sasa ni kubwa mno. Namba ikishatolewa haifutwi, haihamishwi, na jina lake halibadilishwi hata likiwa na kosa la herufi. Hiyo ni ahadi ya Unicode, na bila ahadi hiyo hakuna anayeweza kuiamini orodha. Maji yakimwagika hayazoleki. Tazama mwanzoni mwa fungu la alama za sarafu: 20A0, alama ya ECU, ile fedha ya hesabu ya Ulaya iliyotangulia yuro. Karibu hakuna aliyeitumia, na ECU yenyewe ilikoma 1999. Namba ipo, na jina lake linafanana na la yuro kiasi kwamba anayetafuta kwa jina anaweza kuchukua isiyo yenyewe. Au 20AF, alama ya drakma, iliyoingia mwaka 1999. Mwaka 2001 Ugiriki ikawa nchi ya yuro. Hata rupia ya India ilibidi ipewe jina refu, kwa sababu jina la “alama ya rupia” lilishachukuliwa zamani na 20A8, ambayo ni herufi Rs zilizobanana.

Bitcoin haina serikali ya kuisukuma. Ilianza kutumika 2009, alama yake ikapata namba 20BF mwaka 2017, baada ya kuonekana wazi kwamba watu wanaichapa kweli kwenye maandishi yao. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka: ushahidi wa matumizi. Alama ya serikali inapita mlango wa mbele kwa sababu tu kuna waziri aliyesimama jukwaani. Fungu lenyewe lina nafasi 48, kuanzia 20A0 hadi 20CF. Hadi ilipoingia riyali ya Saudi Arabia mwaka 2025, 34 zilikuwa zimeshachukuliwa.

Na kuna jambo la meseji ambalo hawa wa majukwaani hawalijui kabisa. Meseji ya kawaida ya simu hutumia alfabeti ndogo ya biti 7, na ndani yake mna dola, pauni, yeni, na yuro kwa kuongezewa. Basi. Ukiandika ujumbe wa herufi 160 na ukatia ndani yake alama moja tu ya sarafu mpya, ujumbe wote unahamia kwenye mfumo mwingine ambao kikomo chake ni herufi 70. Ujumbe mmoja unakuwa vipande vitatu, na anayetuma analipia vitatu. Mtu anayetuma taarifa za malipo kwa maelfu ya wateja ataiona tofauti hiyo kwenye bili kabla hajaiona alama.

MTOA MADA

Nashukuru kwa michango. Hilo la meseji sikuwa nimelitia maanani, na linauma.

Mhasibu, herufi tatu nakukubalia kwa vitabu vya hesabu na kwa mashine. Lakini mtu anayeandika kibao cha bei kwa mkono haandiki INR. Watu wanataka alama, na wakiitaka wataiandika, iwe na namba au isiwe nayo. Yale ya kimkwaju yametuonyesha.

Mwandishi wa programu, kipimo cha ushahidi wa matumizi kinafaa kwa Bitcoin kwa sababu watu waliichora wenyewe kwanza. Kwa sarafu ya taifa kinazunguka mduara. Unamwambia mtu athibitishe kwamba alama inaandikwa, na wakati huo huo umemnyima njia ya kuiandika. Ushahidi pekee utakaoupata ni zile nyaraka za fonti za kugeuza, yaani uharibifu wenyewe ndio unageuka kuwa cheti. Kuhusu nafasi, usitutie hofu: Unicode ina nafasi 1,114,112 kwa jumla, na si lazima sarafu ikae kwenye fungu lile. Dram ya Armenia iko kwenye 058F, nyumbani kwa herufi za Kiarmenia, na inafanya kazi vizuri tu.

NATUMIA KISOMA SKRINI

Naomba kuchangia kwa ufupi. Sioni, kompyuta yangu hunisomea kwa sauti. Nyote mnaongelea namna alama inavyoonekana.

Alama inapowekwa kama picha kwa sababu haina msimbo, kwangu ni kimya. Nasikia tarakimu tupu. Ni rupia, ni dola, ni idadi ya magunia? Sijui. Inapowekwa kwa fonti ya kugeuza, nasikia jina la kile kimkwaju, halafu tarakimu. Na msimbo ukitoka, bado nasubiri mtengenezaji wa sauti aongeze jina la alama kwenye kamusi yake. Hadi hapo naweza kusomewa “herufi isiyojulikana”, au namba yenyewe, au nisisomewe kitu. Herufi tatu zinasomeka siku zote, hata kama zinasomwa kwa kutamkwa moja moja. Kwa hiyo naomba mnaotaka alama mtuachie na herufi tatu pembeni katika kipindi chote cha mpito. Nimewahi kusaini karatasi ya malipo nikidhani kiasi ni cha sarafu nyingine. Tulirekebisha baadaye, lakini sitaki kurudia.

NILIKUWA OFISI YA UMMA

Mtoa mada, nia yako ni njema ila utaratibu wako hautekelezeki. Alama ya sarafu haiwezi kupelekwa kwa wenye viwango kabla ya kutangazwa. Kwanza, nyaraka za maombi ya msimbo zinawekwa wazi kwa kila mtu kusoma. Ukipeleka ombi leo, kesho magazeti yote yana alama. Kiongozi ambaye angeizindua anabaki na nini? Msione ni jambo dogo. Alama ya sarafu ni kama bendera, na namna inavyozaliwa mbele ya watu ina uzito wake. Pili, wenye viwango wenyewe watauliza: iko wapi hati inayoonyesha kwamba nchi imeipitisha rasmi? Hati hiyo haipo mpaka itangazwe. Umewafunga watu kwenye fundo.

MTOA MADA

Fundo hilo limeshawahi kufunguliwa, na si kwenye sarafu. Japani tena.

Kila enzi ya mfalme wa Japani ina jina la herufi mbili, na majina hayo yamezoeleka kuandikwa pia kama alama moja ya mraba, herufi mbili zimebanwa pamoja. Enzi mpya ilikuwa ianze tarehe 1 Mei 2019. Jina lake lilikuwa siri kubwa hadi tarehe 1 Aprili, mwezi mmoja tu kabla. Wenye viwango walifanyaje? Walitenga kiti mapema, namba 32FF, bila kujua nani atakikalia. Waandishi wa programu wakaambiwa: hapa patakuja alama ya enzi mpya, jiandaeni. Jina Reiwa likatangazwa, wachora fonti wakachora, na Unicode 12.1 ikatoka tarehe 7 Mei 2019 ikiwa na herufi mpya hiyo moja tu. Siri ilitunzwa, sherehe ikafanyika, na namba ilikuwa inasubiri.

Kwa nini benki kuu isiandike barua fupi: tunakusudia kuwa na alama ya sarafu ndani ya miezi 18, tunaomba kiti? Haionyeshi umbo, haivujishi kitu. Siku ya uzinduzi kiongozi anaonyesha alama na anataja namba yake hapo hapo. Fonti ya kwanza inatoka siku hiyo ikiwa kwenye namba sahihi, na hakuna anayelazimika kumvua kimkwaju nguo zake.

MWANDISHI WA PROGRAMU

Mfano huo una nguvu, nakiri. Ila angalia tofauti. Enzi mpya ilikuwa ya uhakika na tarehe ilijulikana. Umbo halikuwa na fumbo pia: herufi mbili ambazo tayari zipo kwenye orodha, zimewekwa kwenye mraba. Mpango wa alama ya sarafu unaweza kufa njiani. Serikali ikibadilika, waziri mpya hataki, kiti kinabaki kimetengwa kwa mgeni asiyekuja.

Kwa upande mwingine nikiwa mkweli kuna kitu kinakuunga mkono. Kwenye lile fungu la 20A0 hadi 20CF, hata namba ambazo hazijapewa mtu zimeshawekewa tabia ya alama ya sarafu kwa upande wa mwelekeo wa maandishi. Yaani programu inayopanga Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, ikikutana na namba ya humo isiyoijua, inaichukulia kama kitu kinachoambatana na tarakimu, isije ikairusha upande usio wake. Kwa hiyo viti vipo na vimeshafutwa vumbi. Kinachokosekana ni kadi ya jina.

Basi nasogea hatua moja: kiti kitengwe, lakini kwa muda maalumu. Miezi 18 ikipita bila tangazo, kinarudi. Kutenga si kutoa, ahadi ya kutofuta haivunjwi. Ila mkileta umbo ambalo linatofautiana na herufi iliyopo kwa mtindo tu, mimi nitapinga. Dola yenye mstari mmoja na yenye mistari miwili zinatumia namba moja, na hakuna aliyewahi kupotelewa na pesa kwa hilo.

NILIKUWA OFISI YA UMMA

Barua ya kuomba kiti bila kuonyesha umbo ningeweza kuisaini. Hilo nalikubali. Bado kuna tarehe ya matumizi rasmi, na hapo mtapambana na wanasiasa, maana wakishazindua wanataka kuiona kwenye kila karatasi kesho yake asubuhi.

MHASIBU

Mmeelewana, vizuri. Sasa mimi nina ankara za kutuma wiki hii, na mteja mmoja nchi yake imeshazindua alama mpya. Ameniomba niitumie. Kompyuta yangu inaionyesha, simu ya bosi wangu inaonyesha kiboksi. Niandike nini?

MCHORA FONTI

Andika herufi tatu kwenye kila mstari wa kiasi. Alama iweke mara moja tu, juu, kwenye kichwa cha ankara, karibu na jina kamili la sarafu, ili aliyeona kiboksi ajue kinasimamia nini. Usiiweke kama picha. Mwenzetu hapo juu ameshaeleza. Na kati ya herufi tatu na tarakimu usitie nafasi ya kawaida, tia ile isiyokatika, 00A0. Nafasi ya kawaida mwisho wa mstari itaacha jina la sarafu juu na kuishusha tarakimu chini peke yake. Kabla hujatuma, ifungue kwenye simu ya bosi wako, ile ile yenye kiboksi.